Mashine ya boti inamisi baada ya kuoshwa? Usikimbilie kabureta

Jana nilikuwa na kijana mmoja hapa Kilwa Masoko, mashine yake ni Yamaha 15 ya kuchanganya oili, silinda mbili. Kaiosha na kava limefunguliwa, maji ya presha na sabuni, ikang'aa kweli, ila ilipowaka sailensa (mwendo wa chini) haishiki, ukiongeza mafuta inakohoa. Nimemkuta kashika spana anataka kushusha kabureta, nikamwambia subiri, asubuhi hii mashine imetoka baharini nzima, kwa hiyo hapa tunatafuta maji yameingia wapi.

1. Iweke kwenye pipa, maji yapite lile bapa la juu ya propela. Kavu usiwashe, impela (kile kipangaboi cha raba kinachovuta maji ya kupoza) inaungua.

2. Washa iungurume dakika mbili tatu, zima, fungua plagi zote mbili. (Usichomoe kofia ya plagi mashine ikiwa inazunguka, utapigwa shoti na CDI, kile kisanduku kinachotoa umeme wa plagi, inaweza kufa.) Plagi moja ikiwa imelowa petroli na mwenzake yuko sawa, silinda hiyo haipati cheche, chungulia ndani ya kofia yake ya raba, tone moja la maji linatosha kabisa. Kausha, rudisha.

3. Swichi ya kuzimia. Hapa mimi niliwahi kupoteza jioni nzima, toka alasiri mpaka Magharibi, kabureta nimeifungua mara mbili na haikuwa na kosa lolote. Dalili yake ni silinda zote kumisi ovyo ovyo, mara hii mara ile, mara inazima yenyewe. Hii swichi inazima mashine kwa kupeleka umeme wa CDI kwenye bodi, sasa maji ya chumvi au sabuni yakikaa kwenye kiungio cha waya wake, umeme unavuja kidogo kidogo muda wote, ni kama mtu anabonyeza kitufe nusu nusu. Mashine ikiwa imezimwa, achanisha waya wa swichi, ncha zisiguse chuma, halafu washa. Ikitulia, umempata mwizi. Lakini sikia, sasa hivi kitufe hakizimi tena, itabidi uvute choki au uchomoe hosi ya mafuta, kwa hiyo jipange kabla hujavuta kamba ya kuwashia. Na usiende nayo baharini hivyo hata kama samaki wanaruka, ukidondoka ile kamba ya mkononi inayochomoa swichi haitazima kitu, boti inakuacha au inakugeukia na propela. Safisha ncha mpaka kutu ya kijani iishe, puliza WD-40 (dawa ya kopo ya kufukuza maji), acha zikauke, unganisha, jaribu kuzima mara tatu. Wapo wanaosafishia petroli, mimi sikubali, cheche moja tu na mashine yote inawaka.

4. Bado? Sasa ndo uende kwenye mafuta. Fungua skrubu ya chini ya bakuli la kabureta, kinga kwa glasi, maji utayaona yamekaa chini. Angalia na filta.

Kuosha kwenyewe mimi natumia ndoo na kitambaa tu, presha hapana, kwenye nyaya napita na brashi ya rangi.

Ya kijana ilikuwa namba 3. Kiungio kilitoa maji ya sabuni, tukakikausha, na saa kumi na moja alikuwa anashusha boti.