Kuongeza tangi la pili la mafuta kwenye Land Rover ya zamani: utaratibu nilioufuata Tabora

Land Rover Series III fupi yenye injini ya petroli ya cc 2286 ilitoka kiwandani na tangi moja la lita 45 hivi, lililofichwa chini ya kiti cha mbele. Yangu, ikiwa na mzigo, hunywa lita moja kila kilomita sita, yaani tangi zima ni kilomita 270, na yeyote anayetoka Tabora mjini kupitia Sikonge na Ipole kwenda kuchukua asali porini anajua kwamba hesabu hiyo humfikisha lakini haimrudishi. Kwa miaka mingi nilibeba madumu ya petroli nyuma ya kiti, jambo ambalo ni hatari na ambalo mhudumu wa sheli hulikataa, au hulikubali kwa sura ya mtu anayekukopesha roho yake. Kiwanda chenyewe kilikuwa na jibu: tangi la pili chini ya kiti cha upande wa pili, na koki ya kuchagua tangi. Kazi ya gereji ilinichukua siku mbili. Karatasi zilinichukua siku 23, na karibu zote zilipotea katika hatua moja ambayo haihusiani na tangi hata kidogo.

Hatua hiyo ni kulinganisha kadi ya gari na gari lenyewe, na uifanye kabla hujamwita fundi. Fungua boneti, chukua tochi, kitambaa na mafuta ya taa kidogo, kisha safisha upande wa kushoto wa bloku ya injini karibu na manifodi ya ekzosi, yaani mabomba ya kutolea moshi, mpaka namba ya injini iliyogongwa isomeke. Halafu nenda mbele kulia, kwenye chuma cha chasisi kinachoshika springi, ukwangue rangi taratibu kwa brashi ya waya na upake chaki ili tarakimu za namba ya chasisi zijitokeze. Ziandike zote mbili kwenye karatasi kabla ya kuitazama kadi, kwa sababu jicho linalojua jibu husoma 3 hata palipo na 8.

Mimi sikufanya hivyo. Nilifunga tangi, nikapaka rangi, nikaliosha gari na kulipeleka kwa mkaguzi wa magari wa polisi nikiwa na uso wa mtu anayetarajia sifa. Afande hakuliangalia tangi. Aliomba kitambaa, akainama kwenye injini, akasoma namba tarakimu moja moja kwa sauti, akaitazama kadi, kisha akaniambia kwa upole, "Mzee wangu, tangi lako ni zuri, lakini injini hii kadi yako haiijui." Mwenye gari wa kwanza alibadilisha injini miaka mingi iliyopita bila kumwambia mtu, na mimi nilinunua gari pamoja na siri yake.

Ukikutwa na hali hiyo, tangi litasubiri. Kwanza utaomba mabadiliko ya taarifa za injini katika ofisi ya TRA, yaani Mamlaka ya Mapato Tanzania, na nilichotakiwa kupeleka ni barua ya maombi, kadi halisi, taarifa ya ukaguzi wa polisi, na uthibitisho wa mahali injini ilikotoka. Uthibitisho huo ndio ulionila siku. Muuzaji wa injini hayupo tena duniani, stakabadhi haikuwahi kuwapo, na hivyo ilinibidi nile kiapo mbele ya wakili nikieleza nilivyolipata gari na lini, nikiambatanisha nakala ya hati ya mauzo. Wakili wa kwanza aliandika namba ya chasisi mahali pa namba ya injini. Nilikuja kuligundua kosa hilo dirishani, baada ya foleni ya saa tatu, na mhudumu alinirudishia karatasi bila neno, kama mwalimu anayerudisha daftari. Kisome kiapo chako kabla ya kugongwa muhuri. Malipo hufanyika kwa ile namba ya kumbukumbu ambayo kila mtu huiita kontroo namba. Omba uipate asubuhi, maana mtandao ukikatika mchana utalala na deni.

Barua ya kuomba ukaguzi wa tangi ni nyepesi, ila chagua maneno yake vizuri. Mimi niliandika "marekebisho ya gari", na karani akanielekeza kwenye dirisha la wanaogeuza pikapu kuwa basi dogo. Andika wazi kwamba unaongeza tangi la akiba la mafuta yale yale, la lita kadhaa, mahali fulani, na kwamba aina ya bodi, rangi, injini na idadi ya viti havibadiliki. Kadi haina mstari wa kuandika tangi la pili, kwa hiyo barua yenye muhuri wa kupokelewa pamoja na taarifa ya ukaguzi ndiyo itakayokusemea barabarani.

Kwa upande wa gereji, mwambie fundi asirudishe sanduku la kiti mpaka mkaguzi awe ameona mipira na viungo, la sivyo utalipa kufungua tena kama nilivyolipa mimi. Mkaguzi wangu aliangalia mambo manne: mdomo wa kujazia uwe nje ya bodi na si ndani, bomba la kupumulia lipande juu kuliko mdomo huo, mipira iwe ya petroli hasa, yenye klipu, na ikae mbali na ekzosi, na waya wa ethi uunganishe tangi na chasisi. Lita 45 za petroli zina uzito wa kilo 33 hivi, kwa hiyo mikanda ya kushikilia isiwe mabati ya kubahatisha. Ukinunua tangi lililotumika, usikubali lichomelewe kwa sababu tu linaonekana kavu. Mvuke uliobaki ndani hulipuka kuliko petroli yenyewe, na lazima lioshwe na kutolewa mvuke wote kwanza. Mwenye injini ya dizeli aongeze jambo moja: bomba la mafuta yanayorudi kutoka kwenye injini lirudi katika tangi linalotumika, kwa koki ya njia mbili, vinginevyo tangi moja litakauka huku jingine likifurika na kumwagika barabarani.

Bima usiisahau, kwa kuwa ukinyamaza na gari likaungua, ukimya huo ndio watakaousoma kwanza. Niliwapelekea nakala ya taarifa ya ukaguzi, na binti wa mapokezi akaniuliza mara tatu kama nimefunga mtungi wa gesi, kwa kuwa kompyuta yake ilikuwa na kisanduku cha gesi lakini haikuwa na cha tangi. Tulikubaliana aandike barua ya kukiri kupokea, na barua hiyo nimeitunza kuliko stika.

Nakala za kadi, taarifa ya ukaguzi na barua ya bima zikae kwenye gari, na halisi zikae nyumbani. Siku ya kwanza jaza tangi jipya lita kumi tu, egesha gari kwenye mteremko usiku kucha juu ya maboksi yaliyofunguliwa, kisha asubuhi utafute madoa. Kwangu lilitoka doa moja dogo chini ya koki. Tulikaza klipu robo mzunguko, tukajaza.