Somo: Udongo wa viriba na kivuli cha kitalu vipangwe pamoja

Ndugu wanakikundi, miche ya mkangazi na mtiki (miti ya mbao) inayorefuka kitaluni kisha ikalala shambani mara nyingi iliharibikia kwenye kiriba (mfuko wa kuoteshea mche) au chini ya kichanja (paa la kivuli).

1. Pima udongo kwa kiganja. Uloweshe kidogo, uviringishe unene wa kidole, kisha ukunje. Ukikubali kuwa pete bila kupasuka, mfinyanzi umezidi: maji yatatuama na mizizi itakosa hewa. Usipoviringika kabisa ni kichanga; siku ya kupanda ukichana kiriba, bonge linamomonyoka na mizizi inabaki wazi. Tunautaka unaoviringika lakini ukapasuka ukikunjwa.

2. Changanya. Kipimo kilichozoeleka ni ndoo 3 za udongo wa msitu, 2 za mchanga wa mtoni, 1 ya samadi iliyooza. Msikikariri! Udongo wa kichanga hauhitaji mchanga mwingine. Mchanga wa ufukweni msiuguse, una chumvi.

3. Ezeka kichanja kwa nyasi au makuti, tuta likielekea mashariki-magharibi. Mbegu zikiisha kuota, kazi ni kutazama shina. Nafasi kati ya jani na jani ikirefuka na shina likawa jembamba, toa nyasi. Mtiki unataka jua mapema. Mkangazi huvumilia kivuli utotoni. Kibaya kuliko vyote ni mfinyanzi chini ya kivuli kizito: unyevu haukauki, kinyausi (ugonjwa wa ukungu unaoozesha miche michanga) kinaingia, na miche inaoza shingoni.

4. Wiki 4 hadi 6 kabla ya kupanda, punguza nyasi na maji kidogo kidogo mpaka miche izoee jua kamili.

MASWALI (kutoka kwa wanakikundi wa Muheza na Kilombero)

Muheza: Bwana shamba, nikiweka viriba chini ya mwembe je?
Jibu: Siku chache sawa. Ila kivuli cha mwembe hakipunguziki kama nyasi, na matone mazito ya mvua kutoka kwenye majani yanachimba udongo wa kiriba.

Kilombero: Udongo wetu mfinyanzi mweusi, mchanga uko mbali. Pumba za mpunga zinafaa?
Jibu: Zinafaa zikiwa zimeoza, au zimechomwa zikawa nyeusi. Mbichi zinanyang'anya miche naitrojeni, utaona majani ya njano.

Muheza tena: Nimetoa nyasi zote kwa mkupuo, majani yameungua. Ning'oe?
Jibu: Using'oe. Rudisha nusu ya nyasi. Jani lililoungua haliponi. Angalia chipukizi la nchani, likiwa bichi mche uko hai.