Mirathi ndogo Dar: kagua majina kabla hujafungua

Kama marehemu ameacha akaunti yenye vijisenti na nyumba ya vyumba viwili Mbagala, na mirathi yake inafuata sheria ya Kiislamu au mila, wakili si lazima. Unafungua Mahakama ya Mwanzo. Kwa Dar, nenda Kituo Jumuishi cha masuala ya familia, Temeke. Marehemu akiwa Mkristo ulizia kwanza, mara nyingi hiyo ni ya ngazi ya juu.

Kikao cha familia mnakijua. Chetu kiliitwa kumchagua msimamizi, kikageuka cha nani alimuuguza mama zaidi. Muhtasari utaje warithi wote, kila mtu asaini mwenyewe. Kaka aliyeko Mwanza usimsainie.

Sasa hapa ndipo nilipopoteza miezi miwili. Kabla ya kugusa Fomu Namba 1 (ya kuomba usimamizi wa mirathi), tandaza mezani cheti cha kifo cha RITA, kitambulisho cha NIDA cha marehemu, kadi ya benki na hati ya mauziano ya nyumba. Soma majina herufi kwa herufi. Mama kwenye cheti cha kifo ni Khadija, benki ni Hadija. Nikasema K moja tu, nani atajali? Tangazo likabandikwa, hakuna aliyepinga, nikateuliwa, nikaenda benki na Fomu Namba 4 (barua ya uteuzi) kifua mbele. Dada wa dirishani akaisoma, akaangalia kompyuta, akanirudishia chini ya kioo: "Kaka, huyu siye mteja wetu." Makato ya kila mwezi walimkata miaka yote bila kuulizia hiyo K!

Ikabidi kutafuta kiapo kwamba majina yote mawili ni ya mtu mmoja (wakili: "njoo Alhamisi", Alhamisi hayupo), kisha kurudi mahakamani kuomba marekebisho. Wewe kiapo kiambatanishe siku ya kwanza, na kwenye fomu andika majina yote mawili. Ada lipa kwa kontroo namba. Kishoka akidai "ya soda", mwombe risiti uone anavyoyeyuka.

Ukishateuliwa hujamaliza. Ndani ya miezi 4 peleka Fomu Namba 5, mali na madeni yote, halafu Namba 6 ya hesabu. Risiti za mazishi, za kuonyesha kwenye hesabu hiyo, zifungie kabatini. Yangu ya maturubai niliikuta imefungiwa vitumbua.