Kuuza jengo la redio ya jamii bila kupotea hewani

Redio ya jamii ikielemewa na madeni, macho ya bodi huangukia kiwanja, na kwenye mji unaokua mnunuzi hakosekani. Kabla ya kumwita dalali, tokeni nje mkautazame mnara. Huo ndio unaoamua mnaweza kuuza nini.

Chukueni mnara wa mita 45 unaoshikiliwa na waya za chuma. Waya hizo hufungwa kwenye nanga tatu za zege, kila moja ikiwa takribani mita 27 hadi 36 kutoka kitako cha mnara. Kwa hiyo mnara wenyewe umekalia futi chache, lakini ardhi unayohitaji ina upana wa mita 50 au zaidi. Mkikata kiwanja kwa kufuata ukuta wa jengo, nanga moja itaangukia kwa mnunuzi. Siku atakapochimba msingi, fundi wake atakuta waya umepita pale anapotaka nguzo, naye ataulegeza "kwa muda". Waya wa upande mmoja ukilegea, zile mbili zinauvuta mnara upande wao. Mnara wa kujisimamia, wenye miguu mitatu au minne, hauna shida hii.

Njia za kutokea ni tatu. Ya kwanza ni kuhamisha mnara, na ni ghali. Ya pili ni kugawanya kiwanja kwanza kupitia mipango miji, mpate hati mbili, kisha muuze moja tu. Hii ndiyo bora, hata kama inachelewesha mauzo. Ya tatu ni kuuza chote na kubaki wapangaji wa eneo la mnara, nanga zake zikiwemo. Mkichagua hiyo, mkataba wa upangaji uwe wa miaka mingi, utaje haki ya njia ya gari, ya kebo na ya umeme, na usajiliwe kwenye hati. Ahadi ya mdomo huishia pale mnunuzi wenu anapomuuzia mtu mwingine.

Sasa umiliki. Fanyeni upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati hata kama hati mnayo kabatini, maana rehani au zuio la zamani huonekana huko. Angalieni jina lililoandikwa. Kwa redio nyingi Tanzania ardhi iko kwa jina la Wadhamini Waliosajiliwa, na hapo ndipo mambo hukwama: wadhamini wawili wamefariki, mmoja amehama, na RITA, wakala wa serikali unaosajili wadhamini, haijawahi kupewa taarifa ya mabadiliko. Sahihi za wadhamini wasiotambulika hazitapita. Sahihisheni orodha hiyo kabla ya kutangaza bei.

Kama mlicho nacho ni barua ya halmashauri au muhtasari wa mkutano wa kijiji uliowapa eneo la kujenga, inawezekana kabisa kwamba hamna ardhi ya kuuza. Pelekeni barua hiyo kwa wakili kwanza. Someni pia mikataba ya wafadhili waliochangia jengo. Mingine inataka idhini yao ya maandishi kabla ya mali kuuzwa. Katiba ya taasisi nayo itawaambia nani anaidhinisha, bodi au mkutano mkuu. Fedha ni za taasisi, hazigawiwi wanachama.

Thamani ipigwe na mthamini aliyesajiliwa, na ripoti iidhinishwe na Mthamini Mkuu wa Serikali. Msitegemee bei ya ziada kwa sababu ya studio: kwa mtu anayetaka duka au ofisi, chumba kisicho na madirisha ni gharama ya kubomoa. Mauzo hupitia fomu za ardhi namba 29, 30 na 35, na kodi ya pango la ardhi iwe imelipwa. Mamlaka ya Mapato (TRA) hutoza kodi ya ongezeko la mtaji, asilimia 10 ya faida, kabla ya uhamisho kusajiliwa. Tafuteni risiti za ujenzi na ukarabati mapema, maana ndizo zinazothibitisha gharama zenu. Msidhani kuwa taasisi isiyo ya faida imesamehewa moja kwa moja.

Kwenye mkataba, ambatisheni orodha ya visivyouzwa: mikisa (meza ya kuchanganya sauti), transmita, antena, kebo, jenereta na tangi lake, viyoyozi, hata milango ya kuzuia sauti mkiitaka. Kilichofungwa ukutani huhesabiwa sehemu ya jengo kama hamkusema vinginevyo.

Kuuza jengo si kuuza masafa. Waandikieni TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kuhusu studio mpya na masafa ya linki, yaani mawimbi yanayopeleka sauti kutoka studio hadi mnarani, kabla ya kuhama. Marekani iliondoa mwaka 2017 sharti la redio kuwa na studio kuu katika eneo lake. Msiige mfano huo, hapa leseni ya jamii imefungamana na eneo mnalohudumia.

Studio mpya ijengwe kwanza. Simameni juu ya paa lake muone kama mnara unaonekana, kisha muongeze nafasi: linki ya 5.8 GHz ya kilomita 10 inahitaji, katikati ya njia, takribani mita 7 zisizo na mti wala jengo kuuzunguka mstari huo. Endesheni studio zote mbili kwa wiki mbili. Kwa hiyo mkataba uwape siku 90 za kubaki ndani baada ya malipo, na funguo zisitoke kabla fedha hazijaingia kwenye akaunti ya taasisi.

La mwisho ni LUKU, umeme wa kulipia kabla. Mara nyingi mnara na nyumba vinatumia mita moja. Ombeni TANESCO mita ya mnara peke yake siku ileile mnapoomba kugawanya kiwanja, maana nguzo ya umeme inaweza kuchelewa kuliko hati.