Jinsi ya Kuanza Kazi ya Utafiti Kuhusu Wanafunzi Wanaosoma Nje ya Nchi Zao

Anayetaka kuwa mtafiti wa elimu ya kimataifa hukimbilia nadharia, ilhali swali la kwanza ni la masijala: mwanafunzi wa kigeni ni nani? Tazama fomu ya usajili ya chuo, mahali palipoandikwa "Uraia". Binti wa wazazi Watanzania aliyezaliwa na kukulia Kampala, akijiunga na Makerere, ataandikwa mgeni. Lakini kwa tafsiri ya Taasisi ya Takwimu ya UNESCO, anayehesabiwa ni yule aliyevuka mpaka kwa nia ya kusoma, na binti huyu hajavuka mpaka wowote. Tasnifu isiyofafanua jambo hili katika sura yake ya kwanza itapata taabu mbele ya watahini.

Kisha chagua njia moja tu ya wasafiri na uisome tangu mwanzo wake. Kwa mwana wa Afrika Mashariki sioni njia iliyo tajiri kuliko ile ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, chuo cha pamoja cha Kenya, Uganda na Tanzania kilichodumu kuanzia mwaka 1963 hadi 1970, ambacho sheria yake ilisomwa Dar es Salaam na uhandisi Nairobi, hata Mkenya kama Willy Mutunga, aliyekuja kuwa Jaji Mkuu mwaka 2011, akasomea sheria Dar es Salaam. Kilipogawanywa kuwa vyuo vikuu vitatu, kila nchi ilipanua fani zake, na sababu za kusafiri zikabadilika. Mabadiliko hayo peke yake yanatosha shahada ya uzamivu.

Vibali vya utafiti viombwe mapema: kwa Tanzania, Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH); kwa Kenya, Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu (NACOSTI). Utafiti unaogusa nchi mbili huhitaji vya pande zote mbili, na ratiba nyingi huvurugikia hapo.

Katika mahojiano, usiulize "Kwa nini ulikwenda nje?", kwa maana utajibiwa maneno yaleyale aliyoyaandika alipoomba ufadhili. Uliza nauli ya kwanza ililipwa na nani, alifikia kwa nani, na ada ya muhula wa pili ilitoka wapi. Watafute pia waliorudi bila shahada, ingawa hawamo katika orodha za wahitimu. Mara nyingi ndugu waliochangia safari ndio wanaojua walipo.