Mashine ya kung'oa nywele: kwa anayeishika mara ya kwanza

Wateja wa saluni yangu hapa Magomeni wakiona mashine ya kung'oa nywele, swali lao huwa moja: inauma? Inauma. Tumalize hilo tuendelee. Inauma zaidi dakika za mwanzo, halafu ngozi inazoea, na ukishairudia mara kadhaa utakuwa unaangalia tamthilia huku unaipitisha mguuni. Kinachowaliza watu hasa ni vipele vinavyokuja baadaye. Nywele inaota upya, inajikunja ndani ya ngozi, panavimba kijipele, unakitumbua, pakipona panabaki baka jeusi ambalo linaweza kukaa miezi. Sisi wenye nywele za kipilipili tunapata balaa hilo kuliko wenye nywele zilizonyooka. Ndiyo maana nitasema mengi kuhusu kabla na baada, kuliko kung'oa kwenyewe.

Kwanza tujue una mashine gani, maana pale Kariakoo ukiomba mashine ya nywele za mwilini unaweza kupewa vitu vitatu visivyofanana. Ya kunyolea ina wembe uliojificha nyuma ya wavu wa bati. Inakata nywele juu ya ngozi, keshokutwa zimeshachomoza. Ya kung'oa ina kichwa chenye gurudumu la vibanio vidogo vidogo, vinafunguka na kufunga huku vinazunguka, vinakamata nywele na kuitoa na mzizi wake. Ya mwanga haina wembe wala kibanio. Ina kidirisha cha kioo, ukibonyeza inamulika mwanga mkali wa ghafla. Boksi lake mara nyingi limeandikwa IPL. Kama uliyonayo ni hiyo ya tatu, usiiwashe kwanza.

Mtoto wa dada yangu aliletewa ya mwanga na wifi yake anayeishi Maskati. Zawadi ya gharama, si ya kukataa. Akaja nayo saluni ikiwa bado na nailoni yake. Nikatoa kijitabu cha ndani, kuna ukurasa wenye vidirisha vya rangi za ngozi, kuanzia nyeupe hadi nyeusi tii, na vile vya mwisho vimepigwa mkato.

"Lakini mama mdogo, mie si maji ya kunde?"

"Weka mkono hapo tulinganishe."

Mkono wake ukaangukia kwenye vilivyopigwa mkato. Maji ya kunde yetu, kwa waliotengeneza ile mashine, ni weusi. Na hawamkatazi mtu kwa ubaguzi. Mwanga ule unafuata melanini, ile rangi nyeusi ya mwili. Mtu mweupe mwenye nywele nyeusi, melanini yake nyingi iko kwenye nywele, basi joto linashuka mpaka kwenye mzizi na kuudhoofisha. Kwetu melanini imejaa kwenye nywele na imejaa kwenye ngozi, kwa hiyo ngozi ndiyo inayoupokea moto: malengelenge, halafu mabaka, mengine meusi, mengine meupe. Madaktari wa ngozi wana kipimo alichokianzisha Dk. Thomas Fitzpatrick wa Marekani mwaka 1975, ambacho sasa kina aina 6 za ngozi. Wengi wetu tuko aina ya 5 na ya 6, na mashine nyingi za mwanga za nyumbani zinaishia ya 4 au ya 5. Nyingine zina kihisio, ukiigusisha ngozi nyeusi inagoma kabisa kumulika. Ikigoma, ishukuru, usitafute ujanja wa kuidanganya. Anayetaka njia ya mwanga aende kwa daktari wa ngozi mwenye leza ya Nd:YAG, ambayo urefu wa wimbi la mwanga wake ni nanomita 1064. Hiyo inazama chini zaidi na haishikwi sana na weusi wa juu. Binti yetu zawadi yake iko kabatini. Wifi hajaambiwa.

Turudi kwenye ya kung'oa. Si kitu kipya: Epilady ilitoka Israeli mwaka 1986, ikitumia springi inayozunguka, nywele zinanaswa katikati ya mizunguko yake. Siku hizi karibu zote ni za vibanio. Ukinunua, tafuta yenye kasi mbili na taa ndogo mbele, maana vinyweleo vyembamba huvioni kwa taa ya sebuleni. Inayokubali maji ni nzuri kwa anayeanza, kwa sababu unaweza kuitumia bafuni na povu la sabuni. Soma maandishi madogo kwenye chaja: ikiandikwa 100-240V haina shida na umeme wetu. Iliyoletwa kutoka Marekani ikiwa imeandikwa 110 au 120V peke yake, ukiichomeka ukutani umeiua. Za Omani na Dubai plagi zao ni za pini tatu kama zetu. Ichaji ijae kabisa kabla hujaanza. Chaji ikikaribia kuisha gurudumu linapunguza nguvu, linavuta nywele nusunusu na kuikata badala ya kuing'oa, na hiyo iliyokatikia njiani ndiyo itakayojikunja ndani.

Wako ambao nawaambia waiache kabisa. Mwenye kisukari ambacho hakijatulia, kwa sababu kidonda chake kinachelewa kupona. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda. Mwenye makovu yanayovimba, yaani akitoboa sikio panaota kinundu. Mwenye mishipa iliyojitokeza miguuni asiipitishe juu ya mishipa, na mwenye ukurutu asubiri upone. Na anayepaka mkorogo. Hapa huwa sizunguki, nauliza waziwazi, na wengi wanakataa mpaka nishike mkono wao. Krimu nyingi za kujichubua zina dawa za steroidi zinazofanya ngozi iwe nyembamba. Ukiipitishia vibanio inachubuka kweli, na ikichubuka haiponi vizuri. Acha mkorogo kwanza, wiki nyingi, halafu tuzungumze. Hata krimu za chunusi zenye tretinoini zinaifanya ngozi ichubuke kirahisi, kwa hiyo pale unapopaka usiguse.

Sasa urefu wa nywele. Milimita 2 hadi 5 ndizo zinazotakiwa. Fupi kuliko hapo vibanio vingi havishiki vizuri, ndefu sana zinavutwa huku na huku na maumivu yanakuwa mengi bure. Kama zimejaa, zinyoe leo kwa wembe mpya, subiri wiki moja au mbili mpaka ukipitisha kiganja usikie zinakwaruza, hapo ziko tayari.

Siku moja kabla, oga na usugue miguu kwa dodoki. Polepole, kwa kuzungusha. Unaondoa ngozi mfu iliyofunika matundu ya vinyweleo, ili nywele zilizolala zisimame. Usisugue siku hiyohiyo ya kung'oa, ngozi itakuwa imechoka. Siku yenyewe chagua usiku. Ngozi itakuwa na vidoti vyekundu na uvimbe mdogo kwa saa kadhaa, na usiku hakuna anayekuona wala jua la kukuchoma. Oga maji ya uvuguvugu. Bibi anayenyonyoa kuku anajua kwa nini anamtumbukiza kwenye maji ya moto kwanza. Jifute ukauke vizuri, isipokuwa kama yako ni ile inayokubali maji na unaitumia bafuni. Usipake losheni wala mafuta ya nazi, vibanio vitateleza. Kama uko hedhini au inakaribia, ahirisha siku chache, wanawake wengi husikia maumivu zaidi wakati huo.

Anzia kwenye ugoko, kwa nje. Si kwapani, si pajani. Ugokoni ngozi imekazwa na mfupa, na nywele nyingi zinaelekea upande mmoja. Weka kasi ya chini, vuta ngozi kwa mkono wa pili ikaze, simamisha mashine wima, isilale, halafu ipeleke kinyume na nywele zilivyolala, kutoka kifundoni kwenda gotini. Usikandamize. Mikono ya wanaoanza inakandamiza wakidhani itang'oa zaidi, kumbe inabana ngozi. Nenda polepole mno. Ukikimbia inaruka nywele, unarudia, na kurudia palepale ndiko kunakovimbisha. Baada ya viganja viwili vya eneo, simama uangalie. Ukiona ngozi imekuwa nyekundu na vidoti tu, endelea. Ukiona damu inatoka matone, au panavimba mabonge, acha, jaribu tena wiki ijayo. Mguu mmoja kwa siku ya kwanza unatosha, vaa dera lako ulale.

Gotini kunja mguu, nyuma ya goti unyooshe. Mkononi ni rahisi kuliko mguuni, ila fikiria kama unataka kweli: malaika wa mikononi wengi wetu hawaonekani hata kwa jirani aliyekaa karibu.

Kwapani ndiko watu wanakokimbilia na ndiko kugumu. Nywele za kwapa zinaota kila upande, kwa hiyo hakuna "kinyume" kimoja. Unaipitisha kuelekea juu, halafu chini, halafu pembeni, ukiwa umeinua mkono na kuweka kiganja kisogoni ili ngozi ikaze. Bibi zetu walinyonyoa kwapa kwa majivu vidoleni, yanazuia nywele isiteleze, kwa hiyo msiniambie haiwezekani. Kwa sisi Waislamu kwapa kunyonyolewa ndiyo suna yenyewe, na muda tuliowekewa ni zisipite siku 40, hadithi ya Anas iliyo katika Sahihi Muslim. Deodoranti usiipake mpaka kesho yake jioni, na mwaka mzima sitaki kusikia umepaka limao. Limao kwenye ngozi iliyong'olewa linawasha, na ukitoka nalo juani linaweza kukuachia baka la kuungua.

Huko chini, pembeni penye mstari wa chupi unaweza, ukishazoea mguu na kwapa. Ndani usiguse. Ngozi ya kule ni laini, imelegea, vibanio vinaishika yenyewe. Wembe mpya au halawa, ile sukari iliyopikwa ya kuvutia nywele, ya mtu mwenye mkono mzuri inatosha. Usoni pia sishauri. Na kama una nywele nene kidevuni na hedhi yako inaruka miezi, hilo si jambo la saluni, inaweza kuwa ni homoni. Nenda hospitali wakupime.

Ukimaliza, suuza kwa maji baridi, kanda kwa kitambaa chenye barafu dakika chache, paka jeli ya alovera isiyo na manukato. Hakuna pafyumu, hakuna poda yenye harufu, hakuna suruali ya kubana. Beach kesho hapana; chumvi na jua visubiri siku mbili.

Kuanzia siku ya tatu ndipo kazi ya vipele inaanza. Dodoki mara mbili au tatu kwa wiki, kwa upole, na losheni kila ukioga ili ngozi iwe laini na nywele mpya ipenye. Ukiona kijipele chenye nywele iliyojikunja, weka kitambaa cha maji ya moto ya kuvumilika, asubuhi na jioni. Losheni yenye asidi ya salisiliki inasaidia. Pini, sindano, kucha, mbali kabisa. Kikianza usaha na kuuma, onyesha duka la dawa au zahanati.

Baada ya wiki moja hivi utaona nywele nyingine zimetoka, utasema umeibiwa pesa. Hujaibiwa. Nywele za mwili hazikui zote kwa pamoja: siku ile kuna zilizokuwa juu, na kuna zilizokuwa bado chini ya ngozi, na mashine haing'oi isichokiona. Hizi ndizo zile. Zifuate, na ukishafanya hivyo raundi mbili tatu, utaanza kukaa wiki tatu hadi nne bila kuishika.

Mashine ukimaliza chomoa kichwa, piga brashi, futa vibanio kwa spiriti, acha kikauke. Usiazimishe. Vibanio vinagusa damu hata usipoiona, na homa ya ini aina ya B haichagui dada wala shoga. Mimi saluni siitumii ya mteja mmoja kwa mwingine. Anakuja na yake, namfundisha, anaondoka nayo.

Mabibi harusi, nyie nawaomba msianze wiki ya harusi. Anza miezi miwili mitatu nyuma, ili vipele kama vipo vije viondoke. Na hina isikute ngozi iliyotoka kung'olewa, hasa kama fundi anachanganya piko: piko nyingi ni rangi ya nywele yenye kemikali iitwayo PPD, na kwenye matundu yaliyo wazi inaweza kuwasha mpaka kutoa malengelenge. Kama harusi ni Jumamosi na hina ni Alhamisi, ng'oa mara ya mwisho Jumapili usiku. Singo, ile ya kumsugua bibi harusi mwili, ya Jumatatu isishuke miguuni. Ishuke kuanzia Jumatano, na anayekusinga mwambie mkono uwe mwepesi.