Kukokotoa handikapu yako unapobadilisha uwanja wa gofu

Aliyezoea kucheza Mufindi, katikati ya mashamba ya chai, akishuka kwenda mashindano Dar es Salaam asibebe handikapu yake kama ilivyo. Namba hiyo, tuseme 18.4, inaeleza uwezo wake. Mikwaju atakayopewa, yaani itakayopunguzwa kwenye jumla yake, inategemea uwanja. Kalkuleta ya simu inatosha.

Hatua ya 1: Chagua ti, yaani mahali pa kuanzia kupiga kila shimo, kisha soma kadi. Kila ti ina namba zake, na za wanaume si za wanawake. Yenye desimali, kama 70.2, ni reitingi: mikwaju anayotarajiwa kupiga mchezaji mahiri wa handikapu sifuri. Namba nzima, kati ya 55 na 155, ni slopu, na ya kawaida ni 113. Hapa wengi huchanganya. Slopu haisemi uwanja ni mgumu kiasi gani kwa mahiri; inapima mchezaji wa kawaida anavyoumia zaidi ya mahiri palepale.

Na usijikate mikwaju eti hewa ya nyanda za juu ni nyepesi na mpira unaruka mbali. Wapimaji walishauhesabu mwinuko walipoupima uwanja.

Hatua ya 2: Tafuta mikwaju yako. Zidisha handikapu kwa slopu, gawa kwa 113, kisha ongeza tofauti ya reitingi na pari (idadi ya mikwaju iliyowekewa uwanja); reitingi ikiwa ndogo kuliko pari, tofauti hiyo unaitoa. Slopu 128, reitingi 70.2, pari 72: 18.4 × 128 ÷ 113 ni 20.8, toa 1.8, unabaki na 19. Kwenye uwanja wa slopu 105, reitingi 68.9 na pari 71, mchezaji huyohuyo anapata 15.

Hatua ya 3: Cheza, rekebisha kadi. Shimo lililokushinda lisizidi pari, jumlisha 2, jumlisha mikwaju unayopewa hapo.

Hatua ya 4: Pima mchezo wenyewe. Toa reitingi kwenye jumla yako, zidisha kwa 113, gawa kwa slopu. Ukipiga 92 kwenye uwanja ule wa kwanza, unapata 19.2. Ukipiga 88 kwenye ule wa pili, 20.6. Ndogo ndiyo bora, kwa hiyo 92 imeishinda 88! Wachezaji wetu wengi wanaificha kadi kama hiyo kwa aibu, na inaniuma, kwa sababu handikapu ni wastani wa matokeo 8 bora kati ya 20 ya mwisho, na hiyo huenda ikawa mojawapo.

Kabla ya kuikabidhi kadi, andika rangi ya ti uliyochezea. Bila hiyo, karani hawezi kujua atumie slopu ipi.